Mizani Iliyokula Kilo Tatu

Stoo ya baba iko kichochoroni nyuma ya Mtaa wa Tandamti, Kariakoo. Ukiingia, kabla macho hayajazoea giza, unagonga mguu kwenye mizani. Hakuna ambaye hajawahi kujigonga pale. Ni mizani ya magunia, ya chuma, ya zamani, ina kibao cha kukanyagia chini na juu mkono mrefu wenye namba na jiwe la kusukuma. Baba aliinunua kabla mimi sijazaliwa, kwa mzee mmoja aliyekuwa anafunga duka. Wananiambia nilijifunza kusimama kwa kuishikilia. Siipendi. Nalisema mapema ili ujue unamsikiliza nani. Mimi simung'unyi maneno, na ningekuwa na nguvu ningeibeba mwenyewe nikaitupe bonde la Msimbazi.

Sisi ni watu wa Kusini. Baba alikuja Dar kijana, akaanza kwa kutembeza karanga za kukaanga kwenye sinia, mpaka akapata stoo ya karanga, choroko na ufuta. Mzigo unatoka kwetu, upande wa Newala na Masasi, na wanaouleta ni watu wa kwetu wenyewe, wengine ndugu kabisa. Wanafika wamejaa vumbi, wanamwamkia baba, wanapewa chai na chapati, wanaulizwa habari za nyumbani, kisha magunia yao yanapanda kwenye mizani. Na mizani ilikuwa inakula tatu.

Kula ni lugha ya stoo. Kwenye ncha ya ule mkono, upande wa chini usioonekana, kulikuwa na kipande cha madini ya risasi kimegandishwa, ukubwa wa kifungo cha koti. Kwa hiyo gunia la kilo mia lilisoma tisini na saba, na la sitini lilisoma hamsini na saba. Wakaguzi wa vipimo wakija, risasi inatoka. Wakishagonga mhuri wao na kuondoka, inarudi. Hatukuwa peke yetu Kariakoo, lakini sisemi hivyo kututetea.

Nyumbani kwetu Magomeni jambo hilo halikutajwa hata siku moja. Baba aliamini sisi watoto hatujui. Kumbe tulijua tangu tukiwa na meno ya utoto, maana watoto wa stoo mchezo wao ni kupimana, na shule walitupima pia, tukaona tofauti. Mdogo wangu akishuka kwenye kibao alikuwa ananinong'oneza, "Ongeza tatu," tunacheka mpaka tunakaa chini. Baba akiingia tunanyamaza. Tulikua hivyo, kila mtu anamfichia mwenzake kitu ambacho mwenzake anakijua, na tukaiita heshima.

Huyo mdogo wangu ndiye habari yenyewe. Mama alitangulia yeye akiwa bado anabebwa, nikamlea mimi. Nilimwogesha, nikampeleka shule, nikamchapa alipostahili na mara nyingine asipostahili. Alipofikisha umri wa kuchagua, akachagua ngumi. Kambi yao iko Buguruni, nyuma ya gereji. Ulingo ni turubai lililotandikwa juu ya matairi yaliyopasuliwa, kamba ni za kufungia mizigo. Nilikwenda kuiona mara moja nikarudi na hasira za wiki nzima.

Sikukasirishwa na ngumi. Nilikasirishwa na mlinzi wa pale getini. Zamani alikuwa bondia, picha yake imebandikwa ukutani ndani, mwembamba, macho yanawaka. Sasa anakaa kwenye stuli, miguu imevimba mpaka ndala amezikata mbele ili vidole vipate nafasi, na uso umejaa maji asubuhi na mapema. Nilimuuliza kocha, huyu anaumwa nini. Akaniambia, "Huyo, dada, ni pombe tu." Nikamuuliza mlinzi mwenyewe wakati natoka. Akasema hajawahi kuonja pombe maisha yake, yeye ni mtu wa msikiti. Nikarudi kumtazama kocha, yeye alikuwa ameshageuka anapiga kelele kwa vijana.

Mdogo wangu akiwa anakula vizuri ana kilo sitini na sita. Kocha alitaka apigane kwenye hamsini na saba. Sababu yake ilikuwa rahisi na wote kambini wanaiamini: mwenye mifupa mikubwa akishuka chini anakutana na watoto, halafu akishapimwa anakula na kunywa, kesho yake anapanda ulingoni akiwa mtu mzima. Kupimwa ni siku moja kabla ya pambano. Kazi yako yote ni kuwa mwepesi kwa dakika ile moja tu. Safari hii pambano lilikuwa la mkanda, mabango yamebandikwa mpaka kwenye nguzo za Mchikichini, uso wake na uso wa mpinzani zimetazamana juu ya marundo ya mitumba. Nilijivuna, sitadanganya. Nilikuwa nikipita pale napunguza mwendo ili watu waone tunavyofanana.

Kambini kulikuwa na mizani ya bafuni ya kioo, imepasuka, mshale unasimama unapojisikia. Kwa hiyo kila asubuhi, akishamaliza kukimbia kutoka Magomeni, alikuwa anapitia stoo kabla ya kazi kuanza, anavua kila kitu isipokuwa bukta, anapanda kwenye mizani ya baba. Mimi nasukuma jiwe. Hesabu yake ilikuwa kichwani tangu utotoni. Ili awe hamsini na saba ya kweli, mizani yetu inatakiwa isome hamsini na nne. Hiyo ndiyo namba aliyokuwa anaitafuta. Kwa kocha alitaja namba akishaongeza tatu, na kocha hakuuliza.

Mwanzo ilikwenda taratibu. Aliacha ugali, akaacha chumvi, akaacha chai yangu ya maziwa, jambo lililoniuma kuliko yote. Jioni anakula bamia za kuchemsha na kipande cha samaki, anatafuna kila tonge mpaka unamhurumia. Nilimsema kila siku. "Wewe mtoto, mimi sikukulea kwa bamia." Yeye anacheka. "Dada, acha presha. Ni wiki chache tu." Mizani ikashuka mpaka ikasoma hamsini na saba, yaani alikuwa na sitini kamili. Zimebaki tatu, na kocha alisema tatu za mwisho zitatoka kwa jasho siku za karibu. Mpaka hapo, hata mimi mwenye mdomo nilikuwa nimeanza kutulia.

Ndipo bibi akafariki.

Ni mama yake baba, ambaye mimi nimechukua jina lake, ndiyo maana baba huniita mama. Baba alisafiri usiku uleule kwenda kuzika. Sisi tulibaki Magomeni kwa sababu ya stoo na kwa sababu ya pambano, na majirani wakatuwekea matanga uani. Unajua matanga ya Magomeni. Sufuria zinaletwa na kila nyumba, pilau, wali, maharage ya nazi, na ukikataa sahani ya msiba umemtukana marehemu. Mdogo wangu alikaa jamvini na wanaume. Mara ya kwanza alikataa. Mzee mmoja jirani akamwangalia, akamwambia, "Huyu ni bibi yako, au siyo?" Akala. Siku ya khitma akala tena. Nilimwona anavyokula, kichwa chini, haraka, mtu aliyekuwa na njaa ya muda mrefu. Nilifurahi. Moyo wangu ulisema, kula, mwanangu, kula.

Baba akarudi. Alirudi mtu mwingine, hasemi, hapokei simu. Jumapili, stoo imefungwa na vijana wote wako makwao, akachukua funguo akaenda peke yake. Kilichotokea stoo siku ile nilikijua baadaye, lakini nakiweka hapa kwa sababu hapa ndipo kilipotokea, na sitaki ukisubiri kama nilivyokisubiri mimi. Baba alitoa ile risasi. Aliibandua kwa patasi, akaisugua ncha ya mkono kwa msasa, akapima kwa mawe ya kilo mpaka mizani ikawa sawasawa. Kule kijijini waliochimba kaburi la mama yake, walioshika jeneza, waliompikia uji asubuhi, walikuwa watu walewale anaowapimia magunia. Alirudi na jambo hilo kifuani. Akaitengeneza mizani, akafunga mlango, akarudi nyumbani, hakumwambia mtu.

Jumatatu asubuhi mdogo wangu akapanda. Nikasukuma jiwe mpaka hamsini na saba, mkono ukabaki umelala juu. Nikasogeza. Nikasogeza tena. Ukatulia kwenye sitini.

Tulitazamana. Uso wake ulibadilika hapohapo. "Pilau," akasema. Nikamwambia haiwezekani, pilau ya siku mbili haileti kilo tatu. Akasema inaleta, kocha aliwaambia, chumvi inashika maji mwilini. Akataja sitini kwa sauti, kwa uchungu, kisha akanong'ona: ongeza tatu, sitini na tatu. Na siku za kupimwa zilikuwa zinahesabika kwa vidole. Baba alikuwa amesimama mlangoni wakati huo, anafungua kufuli la mlango wa pili. Alisikia sitini. Hakusikia ongeza tatu, kwa sababu hilo tulilisema chini chini, kama kawaida yetu mbele yake.

Kocha alipoambiwa hakugomba, na hilo lilinitisha zaidi. Alisema tu, "Hiyo pilau utailipa."

Sasa sikiliza jinsi mtu anavyokaushwa, maana mimi niliona kwa macho yangu na sikusimuliwa. Ndani ya viroba vya sukari kuna mfuko wa nailoni wa kuzuia unyevu. Alichukua miwili stoo, akaitoboa mahali pa kichwa na mikono, akavaa, juu yake sweta, juu ya sweta koti la mvua. Anakimbia hivyo saa saba mchana, jua la Dar unalijua, kutoka Ilala mpaka Buguruni na kurudi. Akifika anavua, jasho linamwagika kutoka kwenye mikono ya koti kama mtu aliyeinamisha ndoo. Maji anayokunywa ni kifuniko cha chupa, anasukutua, anameza nusu, anatema nusu. Siku nzima anatafuna bigijii na kutema mate kwenye kopo. Akaanza vidonge vya kukojoza, vya wagonjwa wa moyo, vinauzwa duka la dawa bila kuulizwa. Mwili ukimuuma anaongeza vya maumivu. Nilivikuta kwenye mfuko wa suruali wakati nafua, nikavitupa chooni, akanunua vingine.

Nilipiga kelele. Nyumba nzima ilinisikia, na nyumba ya pili. Nilimfuata kocha mpaka kambini, nikamwamkia kwanza kwa adabu, kisha nikamuuliza anataka kunirudishia nini, mtoto au mifupa. Akaniambia kwa upole, "Dada yangu, mabondia wote duniani wanapita hapa. Akishapimwa, utamsahau huyu unayemwona." Pale getini yule mlinzi alinitazama nikipita. Alivuta miguu yake chini ya stuli.

Na mizani ikawa inashuka. Hamsini na nane. Hamsini na saba. Mungu wangu, hamsini na saba. Nikikumbuka asubuhi ile mpaka leo natoka jasho. Pale ndipo alipotakiwa kusimama, avae nguo zake, anywe chai. Alikuwa amefika. Alishuka kwenye kibao, akanong'ona "ongeza tatu, sitini," akavaa tena mifuko yake ya nailoni, akatoka.

Baba alikuwa anaona na alikuwa na furaha ya kimyakimya ambayo sikuielewa. Jioni moja aliniambia, "Mama, naona mdogo wako amefika." Nikamjibu kwa ukali kwamba hajafika, bado tatu. Akanitazama kidogo, akafungua mdomo, akaufunga. Mimi nilidhani amechoka na matatizo yake ya msiba. Nikaenda jikoni kuchemsha bamia.

Siku za mwisho hakutoka jasho tena. Alikimbia, akavaa yote, akakaa chumbani madirisha yamefungwa na jiko la mkaa limewashwa, ngozi ikabaki kavu. Midomo ilipasuka. Sauti ikawa ya mzee. Mkojo ulikuwa rangi ya chai ya rangi iliyokolea, kisha ukawa hautoki kabisa, na yeye akafurahi kwa kuwa alidhani hakuna tena cha kutoka. Usiku nilisimama mlangoni kwake kumsikiliza kama anapumua. Asubuhi ya kupimwa mizani ya baba ilisoma hamsini na nne. Alitabasamu, jino likashika kwenye mdomo mkavu, damu ikatoka kidogo.

Kupimwa kulifanyika hadharani, uwanja wa wazi Ilala, muziki juu, watu wamepanda mpaka kwenye mapaa ya vibanda. Baba alikuja, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alivaa kanzu yake ya Ijumaa. Mpinzani alipanda kwanza, akasoma hamsini na saba kasoro kidogo, watu wakapiga makofi. Mdogo wangu akavua, na uwanja ukashusha sauti. Wengi walikuwa hawajamwona bila nguo. Mbavu, mifupa ya nyonga, shingo ile. Akapanda kwenye mizani yao, ya umeme, mpya, namba nyekundu.

Mtangazaji akasoma. "Hamsini na nne."

Watu wakacheka. Kocha akacheka pia, akashika kichwa, akasema kwenye kipaza sauti, "Kijana wangu amepitiliza." Mdogo wangu alishuka amejishikilia kwa bega langu, nikahisi mkono wake ulivyo wa moto na mkavu. Baba alikuwa upande wangu wa pili. Na mdogo wangu akatucheka sisi wote, akasema kwa ile sauti yake ya kizee, bila kunong'ona safari hii, maana alikuwa amechoka hata kukumbuka kunong'ona, "Kumbe na yao inakula tatu, dada. Kama ya baba."

Nilimgeukia baba kwa aibu. Nilidhani nitaona hasira. Niliona mtu aliyepauka uso mzima. Vijana wa kambi walimchukua mdogo wangu kwenda kumpa maji na uji. Baba alinishika mkono akanivuta pembeni, nyuma ya jenereta, tukasimama pale na kelele zake.

"Mama. Anajua?"

"Tunajua wote, baba. Tangu utoto. Anaongeza tatu."

Akaegemea ukuta na ile kanzu nyeupe. "Haili," akasema. "Niliitoa. Niliporudi kutoka kumzika mama, niliitoa."

Sikuelewa. Kisha nikaelewa yote kwa mara moja, pilau, sitini, ile hamsini na saba ya asubuhi ile. Nikamuuliza kwa nini hakusema. Nilimuuliza kwa sauti ambayo mtoto hatakiwi kumtolea mzazi wake. Akaniambia maneno ambayo mpaka leo sijapata pa kuyaweka. "Ningeanzaje kusema nimetoa kitu ambacho sikuwahi kusema nimekiweka?" Na akaongeza, "Niliogopa kwa ajili yake, mama. Anapimia mwili wake kwenye uongo wangu. Nikasema atafika mbele za watu aonekane amezidi, aaibike. Nikaitoa ili apime ukweli."

Nilimwacha hapohapo. Nilikwenda kwa kocha nikamwambia pambano liahirishwe, kijana amekatwa kilo tatu ambazo hazikuwepo. Kocha alisikiliza mpaka mwisho. Akasema tiketi zimeuzwa, mpe supu, kilo zinarudi. Nikaenda kwa mdogo wangu. Alikuwa amekaa kwenye kreti la soda, kikombe cha uji mkononi. Nikamweleza. Alicheka kwanza, akidhani namtania. Kisha akatazama tumbo lake, akaweka kiganja pale, akasema taratibu, "Kwa hiyo zile tatu za mwisho zilikuwa za bure?"

Nikamwambia ndiyo. Nikamwomba asipigane. Nilimpigia magoti, na wanaonijua mimi watakuambia hilo ni jambo gani. Akasema, "Dada, siwezi kukauka hivi halafu nisipande." Akanywa uji. Akautapika. Akanywa maji, akanywa supu, chumvi na sukari, chupa kwa chupa, na mpaka kesho yake jioni alikuwa hajaenda chooni hata mara moja. Uso ukajaa. Kocha akampapasa shavu, akafurahi. "Umeona? Kilo zimerudi." Mimi nilitazama miguu yake wakati anafunga viatu vya ulingoni. Kamba zilimkata.

Hakupigwa. Nataka hilo lijulikane, maana mtaani wanasema alipigwa. Raundi tatu alikuwa mbele, kila mtu aliona. Kengele ikagonga, akarudi kwenye kona yake, akakaa kwenye stuli. Kengele ikagonga tena na hakusimama. Alikuwa anatazama mbele, macho wazi, glavu zimelala mapajani. Kocha akamwambia simama. Nikasikia sauti yangu mwenyewe ikipita juu ya ukumbi mzima.

Hospitali walimtoa kwenye hatari, si kwenye ugonjwa. Daktari alituambia figo zilikaushwa, zikapewa vidonge vya kukojoza na vya maumivu juu yake, na taka za misuli iliyochanika kwa kukimbia zikaziba kilichobaki. Alisema huenda zitaamka. Tulisubiri ziamke. Hazikuamka. Nilimuuliza daktari kama kutozikata zile kilo tatu kungeleta tofauti, na baba alikuwa amekaa pale. Daktari akasema hawezi kujua. Alikuwa mtu mwema, nadhani alijua.

Sasa tunaenda kusafishwa damu mara tatu kwa wiki. Na hiki ndicho nisichokuwa nakijua, na nilipokijua nilitoka nje nikalia kwenye ngazi: kabla hawajamuunga kwenye mashine, wanampima uzito. Wakimtoa, wanampima tena. Kila kilo iliyoongezeka ni maji yasiyokuwa na pa kutokea, kwa hiyo maji yake ya kunywa ni ya kupimiwa. Kikombe kidogo asubuhi, kidogo jioni. Siku za joto anakaa barazani anasukutua, anameza nusu, anatema nusu. Ndala zake mimi ndiye niliyezikata mbele.

Baba anafuatana nasi kila safari. Anabeba mfuko wa shuka na chakula. Lakini mlango wa chumba cha kupimia hakuwahi kuuvuka, anakaa kwenye benchi la korido na kutazama sakafu. Yeye na mdogo wangu wanaongea habari za mpira, habari za mvua, habari za bei ya ufuta. Lile jambo hawajawahi kuligusa. Stoo mizani ipo palepale, haili kitu, na watu wa kwetu wanaendelea kunywa chai na kupima bila kujua lolote, la zamani wala la sasa. Nilimwambia baba awaambie. Akasema atawaambia. Kila msimu anasema hivyo.

Juzi tulikuta wamebadilisha mizani. Ile ya zamani imesogezwa ukutani, imeletwa mpya, kibao kipana. Mimi nilikuwa nimechelewa kidogo kwa dirisha la kuandikisha. Nilipofika mlangoni mdogo wangu alikuwa amesimama mbele ya ile mizani na hapandi. Nesi anamwambia panda, kaka, wenzako wanasubiri. Yeye anaitazama tu. Benchi la korido lilikuwa tupu. Baba alikuwa ndani, upande wa pili wa kile kibao, bila viatu, makubazi yake ameyashika mkononi.

Mdogo wangu akainua uso. Hakukuwa na utani kwenye sauti yake, wala hasira. Aliuliza kama muuzaji aliyetoka mbali anavyomuuliza mwenye stoo.

"Baba, hii inakula ngapi?"

Nesi akatutazama, hakuelewa. Mimi nikashika fremu ya mlango.

"Haili kitu, mwanangu," baba akasema. "Nimeikanyaga mwenyewe kwanza."

Mdogo wangu akavua ndala zake, akapanda.